Picha Mbichi za Foleni ya Maji

Jumatatu, 2 Juni

Paspoti saizi tangu asubuhi. Mteja wa kwanza shati chafu, nikampa koti la ofisi. Wa pili hivyo hivyo. Koti lile limeshaomba kazi kuliko mtu yeyote hapa Chanika. Limevaliwa na walimu, walinzi, mgombea wa uenyekiti wa mtaa na bibi harusi aliyepoteza kitambulisho. Mgongoni nimelipasua, nalibana kwa vibanio vya nguo limkae kila mtu. Mbele bosi, nyuma kamba ya kuanikia.

Kamera mpya inafanya kazi. Mpya kwangu. Mwenyewe wa kwanza aliichoka. Leo nimepekua menyu yake mpaka nikakuta neno RAW. Nilishasoma habari zake mtandaoni. Picha mbichi. Kamera haijaipika, haijatia chumvi, kila ilichokiona lenzi kimo. Wajuzi wote wanapiga hivyo. Nikaiweka. Mie nani nibaki na za kupikiwa.

Jioni nikachomeka kadi kwenye kompyuta. Mafaili yapo, mazito kama tofali. Programu yangu ya kuhariri ikakataa hata moja. Inasema haiitambui aina hii ya faili. Nikajaribu tena kwa upole. Nikajaribu kwa matusi. Haiitambui.

Wateja wa leo wote wamo mle ndani na siwezi kuwatoa. Nimewaambia kesho. Neno zuri sana, kesho.

Jumanne, 3 Juni

Nimewapiga upya wote wa jana. Nikawaambia jana nyuso zenu zilikuwa na uchovu, nimeona niwasaidie. Wameamini. Mmoja kashukuru.

Naongopa, sikatai. Ila kanuni yangu moja haijawahi kuvunjika: mteja aone kwanza, akikubali ndipo picha itoke. Hata mwenye sura ngumu ana haki ya kuikataa.

Mchana Mzee Dastani kavuka barabara kutoka kibanda cha wachongaji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anapapasa kaunta atafute pa kushika. Macho yake yanazidi kwenda. Ananiita mtani. Makabila yetu hayana utani wowote niujuao. Anasema jirani akishakuazima chumvi na asirudishe, utani umeingia wenyewe.

Kaja na habari. Kuna wakala wa mjini, anaitwa Lilian, anakusanya vinyago vya kupeleka kwenye maonyesho nje, na kutakuwa na kitabu kikubwa cha picha. Kibandani kwao anataka kinyago kimoja tu. Anachagua kwa picha kwanza. Na kitabuni, chini ya kila picha, litaandikwa jina la aliyechonga.

Hapo kwenye jina akaanza tena kupapasa kaunta. Nilidhani kasahau alichofuata. Mzee huyu anachonga tangu ujana wake kule Newala. Kazi zake zimefika nchi asizoweza kuzitamka. Zote zimeandikwa "kinyago cha Kimakonde", basi. Zamani alikuwaga anachonga jina lake chini, kwenye kitako. Wenye maduka wakawa wanalisugua kwa msasa kabla ya kuuza.

"Kama nyanya, mtani," akaniambia. "Nani kauliza nyanya kalima nani?"

Anataka nimpigie picha kinyago chake, Foleni ya Maji. Nilikubali kabla hajamaliza. Nikamwambia nitampigia picha mbichi, za kitaalamu.

"Zipike," akasema. "Nina tumbo la kizee."

Alhamisi, 5 Juni

Nimeipiga Foleni ya Maji.

Nimekijua kinyago hiki tangu kikiwa gogo lenye kiburi. Mti mmoja wa mpingo, watu wamepandana kugombea bomba. Ndoo, madumu, viwiko, mtoto analia kabanwa katikati ya makalio ya watu wazima. Chini kabisa babu kabeba wote na yeye hana hata kopo. Juu kabisa mwanamke kanyoosha mkono, vidole vinakaribia koki. Havijagusa. Ondoa mkono ule ubaki na ugomvi tu. Ukiwepo, unasikia maji.

Wote ni watu wa hapa hapa. Yule mdomo wazi ni mwenyekiti wetu wa kamati ya maji. Alishakuja kukitazama. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema anamfahamu mtu wa namna hiyo.

Mpingo ni mgumu kuupiga picha. Unakunywa mwanga wote na hausemi asante. Nimetundika shuka jeupe, nimefungua mlango, upande wa pili nikasimamisha kipande cha boksi jeupe kirudishe mwanga. Kamera nimeiweka itoe zote mbili kila nikibonyeza: moja ndogo iliyopikwa na kamera, na mbichi yake.

Kwenye kioo cha kamera kilitoka cheusi tii, kingo tu zinang'aa. Mzee akaomba kuona. Akaisogeza kamera mpaka ikakaribia kumgusa pua.

"Cheusi," akasema. "Vizuri. Mpingo uwe mweusi."

Akarudi zake kazini.

Ponsi, wanayechonga naye kibanda kimoja, yeye kapiga chake kwa simu. Kakiegemeza ukutani, ndani, gizani. Nyuma kapita kuku. Kuku katoka vizuri. Kinyago unakikisia. Nikamwambia Ponsi hii haifai, njoo nikupigie.

"Sista, kazi nzuri inajieleza yenyewe," kanijibu.

Nimecheka njia nzima. Njia yenyewe ni kuvuka barabara.

Ijumaa, 6 Juni

Siku nzima na kompyuta.

Ishu nimeielewa. Kamera ni ya juzi, programu ni ya zamani. Haiwezi kumtambua mtu aliyezaliwa baada yake. Ningeweka programu mpya, lakini kompyuta yangu haina nguvu za kuibeba, ingefia mlangoni. Kuna njia nyingine. Kigeuzi cha bure. Unakipa faili bichi la kamera, kinalivalisha nguo ambazo programu za zamani zinazijua. Ndani linabaki lile lile. Kazi ya koti langu hasa.

Kukipakua, bando likaisha katikati. Nikaunga. Umeme ukakatika. Nikaenda kula mihogo ya kukaanga, nikarudi, umeme nao ukarudi, kigeuzi kikaanza upya toka mwanzo kana kwamba hatujawahi kuonana.

Kikafunguka. Kinauliza folda ya picha iko wapi. Nikaingia kwenye folda: tupu. Nikachomoa kadi, nikachomeka. Tupu. Nilijua nimefuta kazi ya Mzee. Kumbe ndivyo kilivyo. Ukiifungua folda hukuti kitu. Unatakiwa usimame nje, uichague bila kuingia. Kama chumba cha baba mkwe. Hakuna aliyeniambia. Mie hakuna anayeniambiaga. Ninachokijua chote nimekijua kwa kukosea kwanza.

Nilijifunza na la pili: kuzinakili picha kwenye kompyuta kabla ya kuzigusa, kadi ikapumzike. Imo kwenye kopo la majani ya chai.

Jioni zikafunguka. Zote. Nilipiga kelele mpaka muuza vocha wa fremu ya duka ya pili akaja na ufagio, akidhani ni panya.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Watoto wamejaa mlangoni, nguo mpya, viatu vinabana, miwani ya jua mpaka kwa wasiotembea. Muuza vocha kaniletea pilau, nyama kaifuata mumewe machinjioni Vingunguti alfajiri. Nimekula huku nafanya kazi, mkono mmoja wa sahani, mmoja wa kipanya.

Kati ya mtoto na mtoto nilikuwa naiba muda wa Foleni ya Maji.

Kuna kitu nimekiona. Picha mbichi ukiifungua, kwanza inatokea nzuri, nyeusi, ile ile ya kwenye kamera. Kitambo tu, kama kupepesa jicho. Halafu programu inaisoma upya na inapauka, kijivu, kama mtu kapewa habari mbaya. Hapo ndipo unaambiwa kazi ni yako.

Nikavuta kipimo cha vivuli. Kidogo. Giza likaanza kutoa watu. Nikavuta tena. Yule babu wa chini ana mikunjo shingoni, sikuwahi kuiona hata kwa macho yangu! Mtoto ana chozi. Kwenye ndoo kuna alama za patasi, mstari kwa mstari. Nilisisimka. Sijawahi kutoa picha kama ile maisha yangu yote. Niliona kama nimekichonga mie.

Mkono wa yule mwanamke wa juu, kuanzia kiwiko mpaka vidole, weusi wake haukufanana na wa wengine. Una ukahawia. Una mistari mistari kama ya brashi. Nikajiambia ni mwanga wa mlangoni. Nikaongeza ukali wa picha. Mistari ikapendeza zaidi.

Ningemwita Mzee. Yupo hapo ng'ambo, naisikia nyundo yake. Lakini watoto wamejaa, na macho yale yataona nini kwenye kioo cha kompyuta. Na alishaona. Alishakubali.

Nimetuma kwa Lilian.

Jumatatu, 9 Juni

Lilian kajibu. Anasema hajawahi kupokea picha kama hizi kutoka kwa mpiga picha wa mtaani. Anasema unaona kila kitu. Hilo la "wa mtaani" nimelisamehe. Hilo la "kila kitu" nimelisoma mpaka nimelikariri.

Kibandani wameshaanza kumwita Mzee "Mheshimiwa". Wanamwuliza akiwa kitabuni atawakumbuka. Anajibu atawakumbuka kwa majina, ila sura zenu, anasema, tangu mwaka jana ni ukungu.

Kaniuliza jina lake litaandikwa vipi. Dastani tu, au na la baba yake. Nikamwambia yote mawili. Akatikisa kichwa, anatafuna kitu ambacho hakikuwemo mdomoni.

Nina furaha. Naiandika kwa sababu siiandikagi.

Jumatano, 11 Juni

Lilian kapiga simu.

Sauti ya adabu sana. Ukisikia adabu ya namna hiyo, kaa chini. Anasema wameikuza picha, wameuangalia ule mkono wa juu. Anasema ni mti mweupe uliopakwa rangi. Masharti yao ni mpingo mtupu, usio na rangi. Kaniuliza: ukahawia ule upo kwenye kinyago, au umeuongeza wewe kwenye kompyuta?

Ulikuwa mlango. Ningeupita. Ningesema nimeuongeza mie, makosa yangu, samahani dada. Mimi niliyewaambia watu wazima nyuso zao zimechoka! Nikasema nitaangalia nikupigie.

Nimekaa. Nikafungua faili, nikachukua brashi ya giza, nikaupaka ule mkono. Kazi ya muda mfupi sana. Mweusi kama wenzake. Hata mie nikaamini. Nikaandika ujumbe: dada, ni kweli ulikuwa mwanga, hii hapa sahihi.

Kabla sijautuma ukaingia wa kwake. Anaomba nimtumie faili lenyewe bichi, kama lilivyotoka kwenye kamera, ili jambo liishe bila maneno.

Faili bichi halina ujanja. Ukilihariri mpaka uchoke, marekebisho yako yanakaa pembeni yake. Lenyewe halikubali. Ndiyo sifa niliyoipendea.

Sijatuma chochote. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevuka barabara.

Mzee alikuwa anasugua kijiko cha mti kwa msasa, anakipima kwa kidole gumba. Ponsi yupo pembeni. Nikaomba tuongee nje. Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwambia yote bila kupamba. Sikuweza kumtazama, ingawa najua hanioni vizuri.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika.

Kanieleza taratibu. Mpingo mweusi ni moyo wa mti tu. Nje una mwili mweupe, na siku hizi magogo yanakuja membamba, moyo wenyewe kama mkono wa mtoto. Alipofika kwenye kiwiko cha yule mwanamke, weusi ukaisha.

"Mti uliishia pale, mtani. Wazo halikuishia pale. Ningemkata mkono?"

Akaupaka rangi ya viatu, na nta juu yake, akausugua kwa kitambaa siku nyingi. Wote wanafanya. Hakuna asiyejua, isipokuwa wanaonunua.

Kuhusu masharti, nikamwuliza. Akasema Lilian alisema mpingo. Na ni mpingo. Mweupe wake ni mpingo vile vile, mti haukuazima mkono kwa jirani.

Nikamwambia ninaweza kuurudisha mkono kwenye giza. Nimeshaurudisha. Na hilo faili bichi, nitasema kadi imekufa. Kadi zinakufa kila siku.

Akafikiri.

"Kwa hiyo hiyo mashine yako inaweza kunyamaza?"

Nikasema inaweza, Mzee.

"Sasa si ungeanzia huko."

Aliisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia ambayo umeshaipita.

Halafu akaniambia nipige simu, niiweke sauti ya nje. Akaongea na Lilian mwenyewe. Akasema mkono ule nimeupaka mie Dastani, mpiga picha hana kosa. Lilian akasema, Mzee wangu, kazi ni nzuri mno, imeniumiza, ila masharti si yangu.

"Mama, wewe kucha umepaka?"

Lilian akacheka, akakubali kapaka.

"Na mkono ni wako?"

Kacheka tena. Kicheko kilipoisha hakikubadilisha kitu. Akaaga vizuri, akamtakia afya.

"Mpiga picha hana kosa." Ponsi alisikia, na fundi mwingine. Kaniosha mbele ya watu.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimekaa nyuma. Mahubiri yalihusu nini, sijui.

Nalitafuta kosa langu mahali lilipo, nisilikosee. Si kuona mkono. Jicho linaona. Si kujifunza picha mbichi. Kosa langu ni kwamba Mzee aliletewa picha nyeusi, akasema vizuri, mpingo uwe mweusi. Alikubali ile. Mie nikatuma nyingine. Mtu wa paspoti, asiyejua hata jina langu, namwonyesha kwanza. Yeye sikumwonyesha. Nilisema macho yake mabovu. Macho yake yalikuwa kisingizio kizuri.

Na sikufungua vivuli kwa ajili yake. Nilitaka Lilian aone ninavyojua. Basi, kaona.

Kurudi nyumbani nimepitia fremuni. Nikawasha kompyuta. Nikafungua faili la Foleni ya Maji. Likatokea jeusi, zuri, kitambo kile kidogo. Likapauka. Nikalifunga, nikalifungua tena. Jeusi. Likapauka.

Muuza vocha akachungulia, akaniuliza kama imeharibika. Nikamwambia hapana, ndivyo ilivyo.

Jumanne, 24 Juni

Wamemchukua Ponsi.

Picha ile ya simu. Lilian kasema ina siri. Alikuja mwenyewe kukiangalia kinyago, mle mle gizani kibandani, akakipenda, kikafungwa kwenye magunia. Kuku hakuchukuliwa.

Chini ya benchi la Ponsi kuna kopo la rangi ya viatu. Nililiona mie siku Lilian alipokuja kukitazama kinyago, nimesimama naye pale. Mzee analijua kopo lile kuliko mie. Huenda ndiye aliyempa. Alikuwa amekaa upande wa pili anasugua kijiko chake, hakuinua kichwa.

Mchana Ponsi kaja fremuni. Kitabu kinataka sura ya mchongaji. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba radhi na kusahau kosa.

"Sista, sikuomba iwe hivi."

"Najua, braza. Ingia."

Shati lake lilikuwa na vumbi la mpingo. Nikampa koti. Nikalibana mgongoni kwa vibanio. Kwa hiyo koti langu litaingia kitabuni, Mzee Dastani hataingia.

Nilimpiga ndogo ya kawaida, iliyopikwa na kamera. Nikamwonyesha kwanza. Kakubali. Sikugusa kitu.

Alipokuwa anatoka nikamwuliza Ponsi, Mzee anaendeleaje. Anasema anaongea kama kawaida, anatania kama kawaida, ila Foleni ya Maji kaifunika kwa khanga ya mkewe na hataki iguswe.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwepa kuvuka. Sukari nimeifuata duka la mbali. Watu wataona napenda kutembea.

Mzee kanipigia kelele kutoka ng'ambo: "Mtani! Chumvi yangu!"

Nikainua mkono. Sina hakika kama aliuona.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada nimefungua fremu nifagie. Mzee kaja, mkewe, Mama Anjela, kamshika kiwiko. Mama Anjela kabeba kitu kwenye khanga. Akakiweka kaunta, akaenda sokoni.

Foleni ya Maji.

Mkono wa juu kaukwangua. Kipande cha chupa, halafu msasa, halafu nta tupu. Rangi yote imetoka. Watu wote weusi, wamebanana, na juu yao mkono mmoja mweupe kama muhogo uliomenywa, unakwenda kwenye koki. Nimekigeuza pande zote. Ni kizuri kuliko mwanzo. Sikumwambia, kwa sababu ningesikika kama mtu anayejitetea.

"Hapo ndipo mti ulipoishia," akasema. "Asiyetaka asitazame."

Kasema kikae hapa kwangu. Kibandani siku hizi kuna wageni wa Ponsi, wanashika shika.

Nikaomba kukipiga picha. Shuka jeupe, mlango wazi, boksi. Nimepiga mbichi, ndiyo, siwezi kurudi nyuma. Nikaipitisha kwenye kigeuzi, nimesimama nje ya folda kwa heshima. Ikafunguka nyeusi, ikapauka. Nikavuta vivuli kidogo sana, mpaka pale nyuso zinapoanza, nikaacha. Mtoto abaki na chozi lake gizani. Nikaitoa kwenye karatasi ya majaribio kwanza, nikampelekea.

"Ukikataa, naifuta."

Akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaigusisha pua. Mteja mmoja akaingia, anataka paspoti saizi. Akaiona ile karatasi, picha kubwa, na chini yake jina la Mzee nililolichapa. Huku kwetu picha yenye jina chini ni ya msibani.

"Poleni sana," akasema. "Alikuwa nani wenu?"

"Ni mimi," Mzee akamjibu. "Kuzika kesho. Njoo na sukari."

Mteja akacheka kwa woga, akakaa akisubiri koti.

Mzee akarudi na karatasi kaunta. Kasema mkono umetoka. Kasema haya, kakubali. Halafu akaanza kuipapasa karatasi kwa kidole, chini, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama anavyopima mti. Akarudia. Nikaelewa anatafuta nini. Karatasi ni laini. Herufi za kuchapwa hazishikiki.

Nikamshika kidole nikakiweka pale jina lilipo.